Mgonjwa akirudi kutoka Lutindi

Na Zuhura Mbwana

Nchi nzima hutaniana kwa jina la Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Sisi wa Tanga tunayo yetu: ukizidisha maneno barazani utaambiwa uchangiwe nauli ya Lutindi. Hospitali hiyo iko juu kwenye milima ya Usambara, upande wa Korogwe. Wamisionari wa Kijerumani walipafungua mwaka 1896 pawe makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na kuanzia 1904 wakapokea wagonjwa wa akili, miaka kadhaa kabla ya hospitali ya Mathari ya Nairobi kuanza 1910.

Utani wenyewe hauniudhi sana. Kinachoniudhi ni ile imani kwamba mtu akishapandishwa huko, mambo yamekwisha. Mgonjwa hupata nafuu akarudi Ngamiani au Pangani, na hapo ndipo uuguzi mrefu unapoanza, mikononi mwa mama au dada ambaye hajafundishwa chochote.

Nazungumzia hasa skizofrenia. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba inampata takriban mtu 1 kati ya 300. Humwanza kijana: anajifungia chumbani, anakesha, haogi, anajibizana na sauti asizozisikia mwingine, anaamini jirani anampeleleza. Mtaani tunasema amechezewa. Dawa zipo, vidonge na sindano ya mwezi, nazo huzituliza zile sauti. Ila huweza kukakamaza misuli, kutetemesha mikono na kumtoa mtu udenda, na mgonjwa asiyeelezwa hayo mapema huvitupa vidonge uvunguni. Ugonjwa ukirudi, mtaa unasema: si mnaona, jini haogopi hospitali.

Sasa, watu wa hospitali nao wasicheke haraka. Mtafiti Mmarekani Juli McGruder alifuatilia familia zenye wagonjwa hawa Zanzibar, akaandika tasnifu yake mwaka 1999. Alikuta kwamba imani ya pepo, wanaopanda na kushuka, ilimwondolea mgonjwa lawama. Akitulia, alirudi kuwa mtu wa nyumbani kama wengine. Akichafukwa, walimvumilia mpaka apoe. Na miaka mingi kabla yake, mtafiti George Brown alikwisha kuona huko London kwamba wagonjwa waliorudi kwenye nyumba za kufokewa na kukosolewa waliugua tena kwa wingi zaidi.

Kwa hiyo mimi simo katika kundi linalotaka familia ichague kati ya shehe na daktari. Asomewe dua, na sindano yake achomwe. Ninachokataa ni mnyororo, ni fimbo, na kumnyima mtu chakula ati jini afe njaa.

Muuguzi anayeijua kazi hamwambii mgonjwa "acha upuuzi, hakuna sauti yoyote", wala hajifanyi anazisikia. Husema: "Mimi sizisikii, lakini naona zinakuchosha. Jana ulilala?" Swali hilo la usingizi si la kupitisha muda. Kukesha ni moja ya dalili za mapema kwamba ugonjwa unarudi, nayo huonwa na anayelala chumba cha pili, siyo na daktari.

Siku ya kumruhusu mgonjwa, ndugu mara nyingi huondoka na karatasi na bahasha ya vidonge. Ningependa aondoke pia na nusu saa ya muuguzi: dawa itamfanyaje mgonjwa, akiona dalili gani asisubiri, na sindano ijayo itachomwa wapi. Hilo la mwisho ndilo zito. Mtu wa Pangani akitakiwa kuifuata sindano hospitali ya Bombo, Tanga mjini, kila mwezi, nauli ni ya watu wawili, kwenda na kurudi. Mwezi ambao bahari haikutoa samaki, atakayeambiwa avumilie ni mgonjwa. Zahanati zetu za vijijini zinachoma sindano nyingine kila wiki. Halmashauri zihakikishe na hii imo kabatini.