Biskuti za Lozi Zipendeze Macho

Biskuti za Kifaransa ziitwazo makaroni, wala si yale makaroni ya kuchemsha, humvunja moyo mpishi anayeanza. Lozi ni ghali, na trei nzima ikitoka na nyufa, mama huona haya kumwandalia mgeni. Kumbe ladha haikupungua. Kilichoharibika ni sura tu.

Unga wa lozi na sukari ya unga havina budi kuchekechwa pamoja, na chenga zisagwe tena, maana lozi si za kutupa. Ute wa mayai upigwe na sukari laini hata usimame wima. Kazi kubwa iko katika kuchanganya. Rojo lisipochanganywa vya kutosha, biskuti hubaki na ncha juu. Likizidishwa, hutandaa kama chapati za maji. Lifaalo hutiririka polepole kutoka mwikoni kama utepe.

Miduara ya sentimita 4 ichorwe upande wa chini wa karatasi, ili biskuti zote zilingane. Trei igongwe mezani mara mbili tatu, mapovu yatoke. Kisha ziachwe nusu saa au zaidi, hata zikiguswa zisinate kidoleni. Siku ya mvua huchelewa kukauka. Ngozi hiyo huzuia mvuke usipasue juu, bali utokee chini na kufanya ule ukingo wa mikunjo unaosifiwa.

Zaokwa kwa digrii 150, dakika 15 hivi. Zikigeuka kahawia, moto ulizidi. Zisibanduliwe kabla ya kupoa.