Si Kila Mwenye Kulia ni Nihilisti

Limeingia kwetu neno la Kifaransa, nalo latumiwa vibaya sana. Kijana wa Kibabi atoka shimoni amejaa matope, aulizwa habari za kesho, ajibu: "Kesho gani? Yote ni bure." Papo hapo bwana mmoja aliyesoma atamka: "Vijana hawa wote ni manihilisti." Nami nasema: sivyo hata kidogo.

Seminarini tulifundishwa kutafuta mzizi wa neno kabla ya kumrushia mtu. Nihil ni Kilatini, maana yake "si kitu". Mrusi Ivan Turgenev ndiye aliyelieneza neno hili mwaka 1862 kwa hadithi yake Baba na Wana. Humo yumo Bazarov, kijana wa udaktari asiyeinamia mamlaka yoyote wala kupokea kanuni yoyote kwa kuambiwa tu. (Hata yeye alitibu wagonjwa!) Basi nihilisti ni mwenye kushika fundisho, kwamba ukweli, wema na uhai wa mtu havina thamani, ni maneno matupu.

Sasa mtazame kijana wetu. Rubaya, penye machimbo makubwa ya koltani, ilitekwa na M23 mwezi wa Aprili 2024. Watu wa Masisi wamekimbia, wamerudi, wamekimbia tena. Lakini mvua ikinyesha na shimo likiporomoka, nani hutangulia kufukua kwa mikono? Ni wachimbaji wenzake. Tena huchanga fedha za sanda na za mjane, wao wenyewe hawana kitu mfukoni. Je, ndivyo afanyavyo mtu aonaye kwamba mwanadamu si kitu? Aliyosema ni kilio. Ayubu naye alilaani siku ya kuzaliwa kwake, wala Kanisa halikumtoa katika Biblia.

Hata hivyo neno tusilitupe, maana wapo wanaolistahili. Yuko mwenye mizani apimaye koltani bila kuuliza shimo limezika wangapi. Yuko mwenye bunduki atozaye ushuru juu ya kila gunia. Kwao mtu si kitu, kilo ndiyo kitu. Hao hutawasikia wakisema "yote ni bure", maana machoni pao kila kitu kina bei. Mbona bwana wetu msomi akikutana nao njiani huvua kofia, na jina hili hawapi?