Namba ya Kidoleni na Kifua cha Mfanya Kazi



Tangu ugonjwa wa korona wa mwaka 2020, kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kiitwacho oksimita kimejulikana hata huku kwetu, na wazee wenye ugonjwa sugu wa mapafu wananunuliwa na watoto wao ili wajipime nyumbani. Jambo hilo ni jema, wala hatuandiki ili kulikataza. Linalotutia wasiwasi ni kwamba mzee anahema, hawezi kupanda kilima, naye anaambiwa, “Mzee, namba yako ni nzuri, huna kitu.” Mwenzetu mmoja mstaafu, aliyevuta vumbi la karakana miaka mingi kabla ya kurudi kwake Mosocho, alijibiwa hivyo mara mbili katika zahanati moja. Mara ya tatu watoto wake walimpeleka hospitali kubwa, akatolewa damu mkononi ikapimwa, akalazwa siku hiyo hiyo.

Yafaa tujue kifaa hiki kinafanyaje kazi. Hupitisha nuru mbili kidoleni, moja nyekundu na nyingine isiyoonekana kwa macho, kisha hukadiria oksijeni kwa jinsi damu inavyoimeza nuru hiyo. Njia hii ilitangazwa na Mjapani Takuo Aoyagi mwaka 1974, nayo imeokoa watu wengi. Lakini nuru hiyo lazima ipite kwenye ngozi kwanza, na ngozi yetu ni nyeusi.

Desemba 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitoa hesabu yao. Walichukua wagonjwa ambao kifaa kilisema wana 92 hadi 96 kwa mia, wakapima damu yenyewe. Miongoni mwa wagonjwa weupe, kama 4 katika kila 100 walikuwa chini ya 88. Miongoni mwa weusi walikuwa karibu 12. Basi hasara ya kosa hili inamwangukia nani? Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilitoa mapendekezo kwamba watengenezaji wavijaribu vifaa hivi kwa watu wengi zaidi wenye ngozi nyeusi. Ni zaidi ya miaka 50 baada ya Aoyagi!

Kuna na moshi. Usiku wa mvua watu huingiza jiko la makaa ndani na kufunga dirisha. Sumu ya moshi wa makaa hushika damu mahali pa oksijeni, na kifaa hakiwezi kutofautisha. Kitasema 98 na mtu anakufa. Mvuta sigara naye asijisifu kwa namba yake.

Tena hewa ya huku juu ni nyepesi kuliko ya Kisumu. Mwanachama anayetoka Kisumu kuja likizo Mosocho asishangae namba ikishuka kidogo. Kwa hiyo kila mgonjwa amwulize daktari namba yake yeye mwenyewe, asiazime ya jirani. Mtu mzima mwenye afya huwa na 95 au zaidi, lakini wapo wenye ugonjwa sugu wa mapafu ambao daktari akiwapa oksijeni hulenga 88 hadi 92 tu, maana oksijeni kupita kiasi huweza kuwadhuru. Asifungue mtungi zaidi kwa sababu namba haikumpendeza.

Unapojipima, kaa kwanza dakika tano. Pasha mkono moto, ondoa rangi ya kucha au hina, tuliza kidole mpaka namba itulie, kisha iandike kwenye daftari pamoja na saa na hali yako. Angalia mwendo wa siku hata siku kuliko namba moja. Mtu akishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, akichanganyikiwa, au ulimi na ndani ya midomo vikigeuka rangi, apelekwe hospitali hata kifaa kikisema 97.

Sasa neno kwa waajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanya kazi, na sheria ya fidia ya mwaka huo huo inahesabu magonjwa yatokanayo na kazi, si mikono iliyokatika tu. Basi hatukubali mtu wa vumbi na moshi apimwe kidole nusu dakika aambiwe mzima. Apimwe pumzi kwa kupuliza kila mwaka, apigwe picha ya kifua inapohitajika, na gharama iwe ya mwajiri. Karatasi za vipimo apewe nakala, asiambiwe ziko ofisini.

Wanachama na wastaafu wenye matatizo ya kifua walete madaftari yao kwa katibu wa tawi kabla ya mkutano ujao, pamoja na orodha ya sehemu walizofanyia kazi na miaka yake. Asiyejua kuandika aje na mtoto wake.