Kuku Sita Si Ushuhuda

Ndugu msomaji, bila shaka nawe umeisikia sauti hiyo sokoni hapa Likasi, au kule Kikula, au Panda: "Dawa ya kideri hii hapa! Majani matupu! Kuku wako hawatakufa tena!" Chupa ni ya bia iliyooshwa, maji yake ni ya kijani, na bei yake haifikii bei ya jogoo mmoja. Mama mwenye kuku kumi na watano na watoto watatu wa shule atafanya nini? Atanunua. Hata mimi nilikwisha kununua, tena nilifanya vibaya zaidi: nilikwisha kuihubiri.

Heri niungame hapa mwanzo, maana nataka kugombana na watu, na haifai mtu kugombana huku ameficha la kwake. Miaka kadhaa iliyopita kideri, ndio ugonjwa ambao wengine huuita mdondo na waganga wa wanyama huuita Newcastle, kiliingia mtaani kwetu. Nilikuwa na kuku ishirini. Wakaanza kuhema midomo wazi, kinyesi kikawa cha kijani, wengine shingo zikapinda kama watu wanaotazama nyuma. Kwa siku nne wakafa kumi na wanne. Siku ya tano nikaponda shubiri pamoja na pilipili, nikawanywesha sita waliobaki, na hao sita hawakufa. Basi, furaha gani! Nikapita nyumba kwa nyumba nikisema dawa imepatikana. Watu wakaniamini, kwa sababu mimi ni mwalimu wa dini, nimepita seminari, sina sifa ya uongo.

Mwaka uliofuata kideri kikarudi. Safari hii niliwanywesha wote tangu siku ya kwanza. Akabaki jogoo mmoja. Na mama jirani, aliyefuata shauri langu neno kwa neno, hakubakiwa hata na kifaranga. Kuku wale walikuwa franka za shule ya mwanawe. Hakunilaumu hata kidogo, alisema, "Mwalimu, ni mambo ya Mungu." Neno hilo lilinichoma kuliko matusi, kwa maana halikuwa jambo la Mungu. Lilikuwa jambo langu.

Tuwatazame tena wale kuku sita. Kufika siku ya tano walikuwa wamekula na kunywa pamoja na wagonjwa, katika bakuli moja. Wale dhaifu walikuwa wamekwisha kufa. Waliobaki ndio waliokuwa na kinga kidogo ya zamani, au walioanza kupata nafuu wenyewe. Kuwanywesha hao na kusema nimewaponya, ni sawa na kuwapa uji watu waliokwisha kuvuka mto, kisha kujisifu kwamba uji ndio uliowavusha. Wale kumi na wanne nao, wangekuwa na sauti, wangesema nini? Muuza chupa hahesabu wafu. Huhesabu waliopona tu, tena wale wa jirani mmoja aliyekuja kumshukuru. Walioangamizwa hawarudi sokoni kumwambia.

Tena, nani alimwambia kwamba kilikuwa kideri? Kuku wana homa ya matumbo yao, wana kipindupindu chao, wana ugonjwa wa kuhara damu. Yote yaua, na yote kwa macho ya haraka yafanana. Lakini hayo matatu hayaletwi na virusi. Jani laweza kusaidia katika moja na lisifanye kitu katika jingine. Virusi ni adui wa namna yake: huingia ndani ya mwili wa kuku, katika vijumba vidogo vya uhai wake, na kuvilazimisha kutengeneza virusi wengine. Ukitaka kumtia sumu humo ndani, ni rahisi umtie sumu kuku mwenyewe. Ndiyo maana hata leo hakuna dawa ya kiwandani iponyayo kideri. Wale wanaopasua vidonge vya antibiotiki, vilivyonunuliwa kwa ajili ya mtoto, na kuvikoroga katika maji ya kuku wenye kideri, wanatupa franka chini.

Sasa wasomi wetu wanachekelea. "Mwalimu amewaweza waganga wa majani!" Ngojeni, zamu yenu imefika. Ninyi mnaosema kwamba majani ni ushenzi, kinini ilitoka wapi kama si katika gamba la mti, mti ambao hapa kwetu Kongo ulilimwa Kivu tangu zamani za Wabelgiji? Na dawa ya malaria itokayo katika artemisia, je? Mama Tu Youyou wa China aliitafuta katika vitabu vya kale vya waganga wa kwao, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Hakudharau jani, wala hakuliamini hivi hivi. Alilijaribu.

Na shubiri yenyewe imekwisha kujaribiwa juu ya kideri, tena si mbali nasi. Mwaka 2002 wataalamu waliofanya kazi Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine huko Tanzania, walitangaza majaribio yao juu ya aina moja ya shubiri, Aloe secundiflora. Waliwaambukiza kuku kideri kwa makusudi. Wengine walipewa maji ya shubiri, wengine hawakupewa. Waliopewa siku ile ile ya kuambukizwa, vifo vyao vilipungua kwa asilimia 20 na kitu. Waliotangulia kupewa wiki mbili kabla, vilipungua kwa asilimia 30 na kitu. Hilo si bure, na wenye dharau walisome vizuri. Lakini na muuza chupa alisome pia! Wengi walikufa vilevile. Aliyengoja ugonjwa uingie alipata kidogo zaidi kuliko aliyetangulia. Tena shubiri ile ni ya aina yake, na ya uani kwangu ni nyingine. Jina moja la Kiswahili limefunika mimea mingi.

Watu huniuliza, kujaribu ni kufanya nini hasa? Kazi huanza na mayai. Huchukuliwa mayai yenye mbegu, yaliyoatamiwa siku 9 hadi 11, kifaranga kikiwa kimeanza kuumbika ndani. Kundi moja hutiwa virusi peke yake. Kundi la pili hutiwa virusi pamoja na maji ya jani. Kundi la tatu hutiwa maji ya jani bila virusi, na la nne hutiwa maji safi yenye chumvi kidogo. Kundi la tatu ndilo watu wa sokoni hawalifikirii kabisa: vifaranga vikifa humo, basi jani ni sumu lenyewe. Nanyi mwajua kwamba sumu haiko mbali. Buba, ambayo wazee huiponda kwa kuvua samaki, wengine huipaka kuku ili kuua chawa. Zidisha kidogo uone. Baada ya siku chache hupimwa majimaji ya yai pamoja na damu ya kuku. Virusi vya kideri vikiwamo, chembe za damu hushikana. Visipokuwamo, hutulia chini.

Hata yai likishinda, kazi haijaisha. Majani mengi yana ule ukali unaokausha ulimi, kama wa maganda ya kutengenezea ngozi. Ukali huo waweza kuvishika virusi katika chupa vikaonekana vimekufa, lakini ndani ya tumbo la kuku usifike vilipo. Kwa hiyo hufuata kuku walio hai, waliofungiwa mahali pa salama, nusu wenye dawa na nusu wasio nayo, na mpimaji asijue wapi ni wapi ili macho yake yasipendelee. Nisisikie mtu amekwenda kuambukiza kuku uani kwake! Huko ni kuwaua kuku wa jirani.

Najua kwa nini waganga wengine hukataa. Wanaogopa kuibiwa. Nao hawaogopi bure. Wametoa siri mara nyingi, wakaachwa na asante. Mapatano ya Nagoya ya mwaka 2010 yanadai kwamba wenye maarifa ya kienyeji waulizwe kwanza na wapewe fungu lao. Basi ninyi wa vyuo, mkija kuomba jani, njoni na karatasi mkononi, na jina la mzee liandikwe kabla ya jina la mti.

Na huku tukingoja? Chanjo ipo. Chanjo haiponyi kuku aliyekwisha kuugua. Hiyo nayo watu huilaumu bure. Humkinga mzima. Chanjo nyingi zahitaji baridi, na kwetu umeme ukikatika friji huwa sanduku tu. Lakini ipo iitwayo I-2, iliyotoka Australia, ambayo huvumilia joto kwa siku kadhaa. Tanzania wameitengeneza wenyewe katika maabara ya Temeke, Dar es Salaam, kwa ajili ya kuku wa vijijini. Tone moja katika jicho moja, na kurudia kila miezi 3 au 4. Kwa nini mtaa mzima usichange na kumwomba mganga wa wanyama atuletee namna hiyo? Twachanga kwa ajili ya mazishi. Kuchangia jicho la kuku kwatushinda?

Tena tuache kukimbia sokoni na kuku anayehema ili tumuuze kabla hajafa. Huko ni kumuuzia mwenzako msiba. Kuku mgeni na akae peke yake wiki mbili. Hata zile kuku tunazozileta altareni siku kuu, zimefungwa miguu, kutoka mitaa yote, na kuzirundika pamoja nyuma ya sakristia, nimemwambia Padri tuzitafutie njia nyingine, akacheka, kisha akakubali.

Yule wa chupa za kijani nimezungumza naye mwenyewe. Si mtu mbaya. Aliipata kwa babu yake, na anaiamini. Nimemwambia hivi, na narudia mbele ya wasomaji: Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha uganga wa wanyama, safari ya kilomita 120 tu. Na aje Jumamosi yoyote baada ya mafundisho ya wakatekumeni. Nauli nitalipa mimi, ya kwenda na ya kurudi. Alete si majani yaliyopondwa tu, bali na tawi zima lenye maua, ili mti ujulikane jina lake.