Watoto Wetu na Kazi za Baraza

Kila msimu ukimalizika, wanachama hutujia ofisini kutaka shauri juu ya masomo ya watoto wao. Huyu ataka mwanawe awe daktari, yule ataka wake awe wakili, na wapo wasiotaka jambo jingine ila kijana apate viza amfuate ami yake Maskati. Yote ni mema. Lakini tangu tukabidhiwe meza hii hajatujia mzee hata mmoja akasema: "Bwana Katibu, nataka mwanangu asome uendeshaji wa serikali za mitaa, aje atumike katika baraza letu." Ukimtajia jambo hilo wewe mwenyewe, hucheka. Kazi ya baraza, husema, ni kuzoa taka na kuwadai risiti wauza samaki.

Sisi twaona kuwa kicheko hicho kinatutia khasara, tena khasara ya fedha.

Wanachama wa bonde moja, ambalo wenyewe wanalijua, walivunjikiwa na kalvati wakati wa masika. Wakampelekea khabari sheha, wakamwona diwani, nasi tukaandika barua. Barua yetu ilifika mwezi wa Juni, makadirio ya mwaka yamekwisha kufungwa, na kosa hilo ni letu, twalikiri. Mwaka wa pili tuliwahi, na fedha zikapitishwa. Tukapongezana. Basi ikaingia Julai, ikapita, ikaingia Agosti, watu wako juu ya mikarafuu, na kalvati ni lile lile lililovunjika. Tulipokwenda kuuliza tukaambiwa michoro bado, na bila ya michoro haitangazwi zabuni. Zabuni ilipotangazwa mvua za vuli zilikuwa zimekwisha anza. Magunia yalitoka kwa vichwa na baiskeli, mengine yakaroa njiani, na karafuu iliyoroa kila mtu anajua kituoni hupimwa daraja gani. Tarehe 30 Juni mwaka wa fedha ukafungwa, na zile fedha zisizotumika hazikutungoja.

Hapana aliyeiba. Lau pangekuwa na wizi tungejua la kufanya. Palikuwa na mtu mmoja tu, mwema na mpole, aliyefanya kazi ya watu watatu, na katika hizo tatu hakusomeshwa hata moja.

Tazameni jinsi jambo lenyewe lilivyo. Masika ni Machi hadi Mei, na ndiyo yanayovunja njia. Mwaka wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Uchumaji wa msimu mkubwa huanza karibu na wakati huo huo, na vuli hutukuta Oktoba karafuu bado ziko majamvini. Basi nafasi ya kutengeneza njia ya shamba ni wiki chache sana. Afisa mipango anayejua kazi yake hupeleka fundi kupima mapema, michoro ikawa tayari kabla ya masika kwisha, na karatasi za zabuni zikawa mezani zikingoja fedha tu. Asiyejua huanza kutafuta kalamu mwezi wa Julai. Wote wawili ni waaminifu, na mshahara wao ni mmoja, lakini sisi tunaopita njia ile tunaona tofauti yao.

Elimu hii inasomwa. Hapa Zanzibar tunacho Chuo cha Utawala wa Umma, Tunguu, kilichoanzishwa mwaka 2007. Bara kuna Chuo cha Serikali za Mitaa, Hombolo, mkoani Dodoma, na kuna Chuo Kikuu cha Mzumbe, Morogoro, ambacho asili yake ni skuli ya serikali za mitaa iliyofunguliwa na Waingereza mwaka 1953, kuwafundisha machifu na makarani wao. Hata mtu aliyerithi enzi kwa babu yake walimtaka ajue daftari la mapato na matumizi.

Wengine huchanganya kazi hii na usheha. Sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, na diwani huomba kura kila miaka 5. Afisa wa baraza huajiriwa kwa cheti chake, na wakubwa wakija wakienda yeye hubaki na faili. Wilaya zetu nne za Pemba, yaani Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani, kila moja ina baraza lake, na Sheria Na. 7 ya 2014 iliyapa mabaraza hayo kazi kubwa kuliko taka. Mwaka 2017 Serikali ilianza kuyapelekea shughuli za elimu ya msingi, afya ya msingi na kilimo. Bwana shamba naye alikuwamo humo.

Twajua majibu yatakayokuja. La kwanza, mshahara ni mdogo. Ni kweli, hapo mwanzo haufanani na wa benki. Lakini unakuja kila mwezi, na mikarafuu yetu mwaka mmoja huzaa mpaka matawi yakainama, na mwaka wa pili ikapumzika.

La pili ni zito zaidi, nalo ni kwamba mtoto atatiwa katika siasa. Atakuja mkubwa atake njia ipite penye shamba la shemeji yake. Hapo ndipo tunapomtaka kijana aliyesoma, maana asiyejua sheria hukubali kwa khofu, na anayeijua huandika kwa adabu kuwa jambo hili halimo katika makadirio, na nakala akaiweka. Mkaguzi wa hesabu akija hatamuuliza mkubwa, atauliza karatasi. Hatusemi kuwa ni rahisi. Wako waliohamishwa kwa barua ya namna hiyo.

La tatu latuuma sisi wenyewe. Wapo watoto wetu, waliosomeshwa kwa fedha za karafuu, ambao wamekwisha pata viti hivyo, na baba wa umri wa babu yao akifika na kijikaratasi chake humwambia "njoo kesho" bila ya kuinua uso. Mtoto wa namna hiyo tusimpeleke popote. Na tukichagua tusitazame wanaume peke yao, mabinti wetu wanafaulu vizuri.

Kamati imekubaliana kuupelekea mkutano mkuu shauri la kutenga katika hazina ya chama fedha za kuwasomesha watoto wawili wa wanachama kila mwaka katika masomo haya. Hatuwezi kuwaahidi ajira, hilo si letu. Wapo wajumbe waliopinga, wakisema fedha za karafuu zinunue majamvi na miche. Twawaheshimu, na hoja yao itasomwa. Ila mche nao wataka miaka mitano au zaidi kabla ya kuchumwa, na hatujasikia aliyekataa kupanda kwa ajili hiyo.

Mwenye mtoto aliyemaliza Kidato cha Nne au cha Sita na alete nakala ya cheti chake ofisini kabla ya mkutano. Na mwenye kulipinga shauri hili aje aseme mkutanoni, asingoje kulisemea kwenye kahawa.