Ajali ya helikopta ya Ole Tepesi

Ajali ya helikopta ya Ole Tepesi ilitokea asubuhi ya tarehe 24 Juni 2021 katika Kaunti ya Kajiado, kusini mwa Kenya. Helikopta aina ya Mi-171 ya Jeshi la Wanahewa la Kenya ilianguka ilipokuwa ikitua katika mazoezi. Wanajeshi wasiopungua 10 walifariki. Majeruhi walisafirishwa kwa ndege hadi hospitali ya kijeshi jijini Nairobi.

Hatari za kutua

Mi-171 imeundwa Urusi na hubeba zaidi ya wanajeshi 20, kwa hiyo ajali moja huweza kuua wengi. Kutua ni sehemu ngumu ya safari. Helikopta nzito ikishuka wima kwa kasi huweza kuingia katika hewa iliyovurugwa na rafadha yake yenyewe. Hapo rubani akiongeza nguvu ya injini, huzidi kuzama. Dawa yake ni kusogea mbele au kando, na karibu na ardhi nafasi hiyo haipo. Katika maeneo makavu, vumbi nalo huficha ardhi sekunde za mwisho.

Hata hivyo mazoezi ya namna hii hayaepukiki. Tangu Oktoba 2011 wanajeshi wa Kenya wamekuwa Somalia, ambako mara nyingi helikopta hutua pasipo uwanja wa ndege.

Uchunguzi

Taarifa ya jeshi siku ile ilisema helikopta ilianguka ikitua, haikutaja chanzo. Kama ingekuwa ndege ya kiraia, ingechunguzwa kwa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), ambazo lengo lake ni kuzuia ajali nyingine, si kutafuta wa kulaumiwa. Lakini kifungu cha 3 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kinaziweka kando ndege za jeshi, polisi na forodha. Jeshi hujichunguza lenyewe, na familia za marehemu hutegemea lile ambalo jeshi limeamua kusema.

Suala hilo lilirudi tarehe 18 Aprili 2024, helikopta nyingine ya jeshi ilipoanguka Elgeyo Marakwet na kumuua Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla. Usiku huohuo Rais William Ruto alitangaza kwamba wachunguzi wametumwa. Walitoka Jeshi la Wanahewa.