Bi Harusi, Fungua Kwanza Sanduku la Bibi Ndipo Ununue Mashine ya Santuri



Wiki iliyopita bi harusi mtarajiwa alikuja dukani kwetu hapa Kabuku kujaribisha gauni. Harusi ni Unguja, kwa ndugu zake. Tukiwa tunambana kiuno kwa pini, akatoa simu na kutuonyesha picha. Ilikuwa mashine ya kupigia santuri, ya rangi ya waridi, imo ndani ya kibegi cha kushika mkononi, na spika zake humo humo.

"Nimemwambia mchumba aninunulie hii," akasema. "Bibi kaniachia santuri zake. Nataka zipigwe siku yetu ya wanawake."

Tukaweka pini chini, tukamwambia asinunue. Leo tunaeleza kwa nini, kwani yeye si wa kwanza kutuuliza.

Kibegi kama hicho sisi tulishakinunua. Bei yake ilikuwa nafuu na mezani kilipendeza. Tukaweka sahani ya taarabu ambayo mama alikuwa ameihifadhi tangu usichana wake. Jioni ya kwanza machozi yalitutoka. Tukaipiga kila siku. Baada ya wiki chache sauti ikaanza kukwaruza, na mwimbaji akawa kama anaimba nyuma ya mlango uliofungwa. Fundi redio akaitazama akatuambia: sindano ni nzito, imeshakula njia. Santuri ile hatujaipata nyingine mpaka leo.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: ukiwa na santuri za urithi, usianze kwa kuchagua mashine. Anza kwa kuziangalia santuri zenyewe, kisha tafuta mashine isiyoziumiza. Rangi na kibegi viwe vya mwisho kabisa.

Sisi ni washonaji, tutaeleza kwa lugha ya cherehani. Kila upande wa santuri una mfereji mwembamba unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Sindano hupita ndani ya mfereji huo ikitikisika, na mtikisiko ndio unaogeuzwa kuwa sauti. Kila mshonaji anajua kwamba shifoni unaishona kwa sindano nyembamba, na jinzi namba 16. Ukiitia shifoni sindano ya jinzi, utaitoboa. Santuri nazo ziko hivyo hivyo.

Basi fungua sanduku la bibi. Soma karatasi ya katikati ya kila sahani, utafute namba 78, 45 au 33. Hiyo ni idadi ya mizunguko kwa dakika.

Zile za 78 ndizo za kale. Ni nzito na ngumu, na zikianguka zinavunjika kama kigae. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyewahi kutembeza vyungu mjini akiuza, alivuka bahari na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo za Kiswahili. Sauti yake ikaingia kwenye santuri za namna hii, na baadaye Shaaban Robert, mwana wa Tanga, akaandika wasifu wake. Ukikuta sahani ya aina hiyo ndani ya sanduku, kaa chini kwanza, usiiguse kwa haraka.

Zile ndogo za 45 ni za baadaye. Miaka ya 1960 na 1970, Black Star na Lucky Star za Tanga zilitamba pwani nzima, na sauti ya Bi Shakila ikaingia kwenye nyumba nyingi kwa sahani hizo. Hapa Kabuku, kwenye mashamba ya mkonge, wazee wetu wanazikumbuka. Zile kubwa za 33 hubeba nyimbo nyingi kila upande.

Kwa nini namba hizi ni muhimu? Mfereji wa santuri ya 78 ni mpana. Sindano yake ina ncha pana karibu mara 4 kuliko ya santuri za 45 na 33. Na mashine nyingi za siku hizi hazina kabisa mwendo wa 78. Audio-Technica AT-LP60, ambayo wengi huanza nayo kwa kuwa ni rahisi kutumia, ina 33 na 45 tu. AT-LP120 ina yote matatu, lakini sindano ya 78 unainunua mbali. Mwenye sahani za Siti akinunua ile ya kwanza, amenunua pambo.

La pili ni mkono unaobeba sindano. Angalia nyuma yake kama kuna kijiwe cha mizani kinachozungushwa ili kupunguza au kuongeza uzito. Mashine nzuri za kuanzia huielemeza santuri kwa gramu 2 hivi. Vibegi vingi huielemeza kwa gramu 5 au zaidi, na huwezi kurekebisha. Ni kama cherehani isiyo na skrubu ya kukazia uzi: kitambaa kikikunjamana, huna la kufanya. Uliza pia kama sindano inabadilishika, na kama utaipata nyingine. Sindano huisha.

La tatu ni mwendo. Mashine nyingine huzungushwa kwa mkanda wa mpira, kama cherehani ya miguu inavyozungushwa kwa mkanda wake. Nyingine mota iko moja kwa moja chini ya sahani, kama ile Technics SL-1200 iliyotoka mwaka 1972 na kupendwa sana na mapiga-disko. Zote mbili zinafaa. Mkanda hulegea na miaka, lakini kuubadilisha ni kazi ndogo.

La nne ni njia ya sauti. Sauti inayotoka kwenye sindano ni ndogo mno, inahitaji kukuzwa kabla ya kufika kwenye redio au spika. Mashine nyingi za kuanzia zina kikuzaji hicho ndani. Kama yako haina, utakinunua mbali, na bajeti ya mchumba itavurugika.

La tano ni kwa wanaopenda mtumba. Mashine za zamani kutoka Japani hutumia umeme wa volti 100, na za Marekani volti 120. Wetu ni volti 230. Ukichomeka bila transfoma, utasikia harufu badala ya wimbo. Hata ukiwa na transfoma, baadhi ya mota za Marekani zitazunguka taratibu kuliko inavyotakiwa, na mwimbaji atakuwa kama mwenye usingizi. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kutoa pesa.

Na tafadhali, usisafishe santuri za 78 kwa spiriti. Zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu, na spiriti huuyeyusha. Tumia brashi laini kavu. Zisimamishe wima kama vitabu, mbali na jua. Joto la pwani huzipinda, na unyevunyevu huota ukungu kwenye majalada.

Wapo watakaotuambia, "Mbona mnatisha watu? Mtu anataka kufurahi tu." Kweli. Kama santuri zako ni mpya na dukani zimejaa, nunua kibegi ukipendacho. Ikiharibika moja utanunua nyingine. Maneno yetu ni kwa mwenye kitu kisicho na cha pili.

Tunajua pia wapo dada zetu wasiosikiliza muziki. Hatubishani nao, kila mtu ana mwalimu wake. Lakini santuri hazikubeba nyimbo peke yake. Mwaka 1961 Misri ilitoa Qur'ani nzima katika santuri, kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Qur'ani kurekodiwa yote. Huenda katika sanduku la bibi yako imo sauti ya msomaji. Hiyo nayo inastahili sindano isiyoikwangua.

Kuhusu pesa, hatumwambii bi harusi yeyote amwingize mchumba kwenye deni. Ndoa ikianza na israfu, baraka huanza kupungua. Kama mashine nzuri haijawezekana mwaka huu, subiri. Au mtafute mtu mwenye mashine nzuri akurekodie mara moja, usikilize kwenye simu, na sahani zipumzike. Santuri iliyosubiri miaka 50 itasubiri mwaka mmoja zaidi. Iliyokwanguliwa hairudi.

Bi harusi wetu alirudi nyumbani akafungua sanduku. Jioni akatutumia picha: tatu nzito za 78, na ndogo za 45 zimefungwa ndani ya kanga. Amemwambia mchumba asinunue kwanza. Siku ya wanawake tutapiga nyimbo za kwenye simu, na gauni litakuwa tayari inshaallah. Zile santuri zimewekwa wima kabatini, bado ndani ya kanga ya bibi.

Allah awape wepesi maharusi wote. Amin.